Fisi Maji Ana Vidole Vitano

Baba mdogo alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa nafua nguo nyuma ya nyumba ninayopanga Kabasa, Bunda. Hakusalimia.

"Wewe si ndiyo ulisomaga mambo ya wanyama?"

Nikamwambia ndiyo, mimi.

"Sasa niambie. Fisi maji ni fisi, au si fisi?"

Nilidhani anatania. Baba mdogo ni mvuvi, mdogo wake marehemu baba, na anaishi kwetu kijijini, kando ya ziwa upande wa Musoma. Hata akiwa na shida huanza na utani. Lakini safari hii aliendelea bila kucheka. Fisi maji alikuwa ameingia kwenye nyavu zake akifuata samaki, akanasa, akafa maji. Baba mdogo alimkuta alfajiri alipokwenda kuvuta. Vijana waliomsaidia kupandisha mtumbwi wakaanza kupiga kelele kwamba mzee ameua fisi, na kabla hajamaliza kutoa samaki kwenye nyavu, habari ilikuwa imeshafika Butiama kwa shangazi.

"Shangazi yako yuko njiani. Ameshawaita mpaka ndugu zetu wa Mugeta. Njoo, mama. Njoo useme."

Fisi ndiye mwiko wa ukoo wetu. Hatumuui, hatumtukani, na tukimkuta amekufa tunamfunika kwa majani mabichi. Mtu wetu akimuua, hata kwa bahati mbaya, ukoo wote huitwa nyumbani kwake. Watu hulala hapo. Shangazi mkubwa humnawisha mikono aliyeua, mnyama huzikwa, na mpaka hayo yaishe mtu huyo haigusi kazi yake. Sisi karibu wote ni Wakristo, na sijawahi kumsikia mtu akisema mambo haya mawili yanagombana. Mimi niliwahi kuuliza, nikaambiwa ninyamaze nile.

Kwa hiyo swali la baba mdogo lilikuwa na uzito. Kama fisi maji ni fisi, angelazimika kuacha mtumbwi nchi kavu wakati samaki wanapatikana, na ukoo ungekuja. Kama si fisi, angerudi ziwani jioni hiyohiyo, na asingekuja mtu.

Mimi nilitaka waje. Niliacha nguo kwenye beseni nikaondoka nikiwa nataka hivyo.

Tangu tumzike baba hatujawahi kukaa pamoja. Tuna kundi la ukoo kwenye simu, ambako watu hutumiana picha za maua yaliyoandikwa Jumapili njema. Nafundisha baiolojia kwa mkataba katika shule ya binafsi pale Bunda. Nikitoka kazini napika, nakula, nasahihisha madaftari. Kuna wiki sauti yangu huisikia darasani tu. Wapangaji wenzangu wananisalimia vizuri, lakini nikisafiri na kurudi huwa hawajui kama niliondoka. Njiani siku hiyo niliwawaza binamu zangu wamejaa uani, wanagombea mikeka, mtu ananiuliza utaolewa lini, na mimi nachukia kama kawaida. Nikaona hata hilo ningelipenda.

Tatizo ni kwamba nilikuwa najua jibu.

Chuoni tulifundishwa familia moja ya wanyama ambayo hapa kwetu ina watu wasiofanana hata kidogo: nyegere anayevunja mizinga ya asali, kicheche mwenye milia na harufu isiyosemeka, na fisi maji. Mababu zao walitokea kaskazini, Ulaya na Asia, wakaja Afrika kwa nyakati tofauti, kila mmoja na safari yake. Mwingine akachimba, mwingine akaingia majini, na miili ikafuata kazi. Fisi hayumo. Fisi, pamoja na sura yake ya mbwa, yuko upande wa paka na nguchiro. Fisi maji yuko upande wa mbwa.

Nakumbuka mhadhiri alisema kwamba zamani skanki, mnyama wa Marekani anayefanana na kicheche mpaka kwa kunuka, alihesabiwa humohumo. Baadaye wakapima vinasaba, wakamtoa, wakampa familia yake. Nilinyoosha mkono nikauliza: huko porini, siku alipotolewa, kilibadilika nini? Darasa likacheka. Mhadhiri akasema ni swali zuri, akageuza slaidi.

Nilipofika nyumbani, fisi maji alikuwa amelazwa juu ya gunia kivulini, ubavuni mwa nyumba. Hakuwa mkubwa. Manyoya yake ya kahawia yalikuwa yameanza kukauka na kusimama. Shangazi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti karibu naye kama mtu anayekaa na mgonjwa. Baba mdogo alikuwa anazungukazunguka. Majirani kadhaa walisimama pembeni, pamoja na vijana wale waliopiga kelele.

"Profesa huyo amefika," akasema baba mdogo. "Haya, tuambie."

"Asalimie kwanza," akasema shangazi. "Au huko Bunda hamsalimiagi?"

Nikapiga goti, nikamsalimia. Akanishika mkono wala hakuuachia, akanionyesha shingo ya yule mnyama. Pale kooni kulikuwa na madoa meupe, yamesambaa mpaka kifuani.

"Madoa haya ni ya nani?"

"Shangazi, hata chui ana madoa."

"Sikukuuliza chui."

Vijana wakacheka. Nikachuchumaa, kwa mkono uliobaki nikauinua mguu wa mbele, nikaufungua. Kati ya kidole na kidole kulikuwa na ngozi nyembamba, kama ya bata. Nikawaambia wahesabu. Vitano. Tukahesabu mguu wa nyuma, vitano pia.

"Fisi ana vinne," nikasema. "Mbele vinne, nyuma vinne."

"Nani alimshika fisi mguu akahesabu?" akauliza jirani mmoja.

"Unyayo wake unaonekana, si lazima umshike."

"Mimi nikiona unyayo wa fisi sihesabu vidole, nahesabu miguu yangu kama ipo yote."

Hata baba mdogo akacheka. Nikaeleza kwamba huyu ni ndugu yake nyegere. Hapo ndipo waliposhindwa kabisa kujizuia, maana nyegere kwetu ana sifa ambazo watu hawazitaji mbele ya shangazi.

"Kwa hiyo nimemuua shemeji wa nyegere!" akasema baba mdogo. "Basi akina nyegere ndiyo waje kulala hapa."

Shangazi peke yake hakucheka.

"Nani aliwakalisha pamoja, huyu na nyegere?"

"Wataalamu."

"Waliwauliza?"

"Walipima vinasaba. Ni kama damu, shangazi. Inaonyesha nani katoka kwa nani."

"Damu." Akauachia mkono wangu. "Wewe unajua kwenye ukoo huu kuna nyumba nzima waliokuja na njaa, wakapokelewa na babu yako? Hawana damu yetu hata tone. Leo wanamheshimu fisi kuliko sisi. Utawapima uwatoe?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walipokelewa."

"Na huyu anaitwa fisi maji. Amepewa jina la fisi. Kupewa jina si kupokelewa?"

Hapo nikafurahi. Kwa muda mfupi nilimwona ameshinda. Kichwani nikawaona wa Mugeta wanaingia getini na mabegi. Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Lakini mimi nina ugonjwa. Swali likinijia kichwani haliwezi kukaa humo. Lilikuja, nikalisikia nikiwa nimeshalisema.

"Kwa lugha yetu anaitwaje?"

Vijana wale wakatazamana; wao wamekua na Kiswahili, lugha ya nyumbani wanaijua ya kuombea maji na kutumwa dukani. Baba mdogo akasimama. Akalitaja jina, jina moja fupi ambalo nilikuwa sijalisikia tangu utotoni, akalitaja mara ya pili kwa nguvu. Halina fisi ndani yake. Halikaribiani hata na jina tunalomwita fisi.

"Fisi maji ni Kiswahili!" akasema. "Wazee walioweka mwiko hawakujua Kiswahili! Ni sisi tumekileta juzi kutoka shuleni!"

Majirani wakaguna kukubali. Kijana mmoja akasema kumbe basi, akaanza kuondoka. Shangazi akasimama, akajifunga kanga yake upya. Alisema, "Haya, imekwisha," bila hasira.

Baba mdogo alikwenda kuangalia nyavu zake kabla hata hatujanywa chai. Tulimzika yule mnyama, mimi na kijana mmoja, nyuma ya choo, kwenye udongo laini. Niliokota majani kidogo, kisha nikajiuliza ya nini, nikayaweka hivyohivyo.

Simu ya shangazi ikaita. Ni wa Mugeta. Walikuwa wamefika Nyamuswa, wanasubiri gari. Aliwaeleza, akaniachia simu niwasalimie.

"Kwa hiyo si fisi?" akauliza binamu yangu.

"Si fisi."

"Ah. Basi sisi tunageuza, dada. Tuliacha ng'ombe na watoto wa jirani."

"Karibuni kwangu basi, niko hapo Kabasa. Nitarudi jioni hii."

"Siku nyingine. Mungu akipenda."

Nilisikia nyuma yake mtu mwingine anauliza, na mwingine anacheka. Walikuwa wengi.

Nilimsindikiza shangazi barabarani akapande gari. Alitembea polepole, mkoba wake nimeubeba mimi. Ndani yake kulikuwa na nguo za kubadili na shuka. Alikuwa amejiandaa kulala. Tulipofika kwenye lami nikamuuliza kama alikuwa hajui jina la yule mnyama.

"Nilijua kabla baba yako hajazaliwa."

"Sasa mbona ulisema ni fisi?"

"Sikusema. Niliuliza madoa ni ya nani." Akaangalia upande magari yanakotokea. "Baba yako tumemzika, watu wakaondoka kama wanatoka mnadani. Nikasema hapa Mungu ametupa sababu."

"Ungeniambia mapema, shangazi. Ungenipigia."

"Ningekupigia nikuambie udanganye? Ungedanganya?"

Nilifikiri kwa kweli, maana ndiye mtu pekee anayeniuliza maswali ninayostahili kuyafikiri. Nikamwambia hapana. Nisingedanganya.

"Basi," akasema.

"Lakini tunaweza kukutana bila fisi. Tupange tu siku."

"Panga. Uone watakaokuja." Kisha akasema, kwa upole kuliko nilivyotarajia, "Hata wewe, tukikuita bila sababu, huwaga unasema una mitihani."

Gari likaja. Alipanda mbele, akanipungia bila kugeuka.

Nilirudi kijijini kuchukua mkoba wangu. Mke wa baba mdogo alikuwa uani, amekaa mbele ya mafiga makubwa yasiyo na moto, anazirudisha kuni stoo.

"Chukua hili sufuria ulirudishe kanisani," akasema. "Nililiazima asubuhi. Nilijua watu watakuwa wengi."

Ni sufuria la misiba na harusi, kubwa kiasi kwamba kichwani lilinifunika macho, nikawa naiona njia ya miguu yangu tu. Stoo ya kanisa ilikuwa wazi. Mama aliyekuwa na ufunguo alilipokea, akaingiza kichwa ndani kuangalia kama limeoshwa, kama wanavyofanya kila linaporudi.

"Mbona kavu? Wageni wamekula nini?"

"Hawakuja."

"Wote?"

"Wote."

Akanitazama vizuri, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba. Akalitazama paji langu la uso, pua, akatikisa kichwa kukubali.

"Kumbe. Hatukuonagi wewe. Unakaa?"

"Hapana, mama. Narudi Bunda sasa hivi."

Tukalishika huku na huku, tukalipandisha juu ya masufuria mengine, akafunga mlango.