Maji Yalipohamia kwa Felisiani

Chemchemi yetu ya Buganguzi ilikuwa na sauti. Ilitoka chini ya jabali, nyuma ya kibanja chetu cha migomba na kahawa, na alfajiri ungeisikia kutoka uani ikidondoka kwenye mawe. Miaka ile ya ujamaa kiangazi kimoja kilikuwa kirefu kupita kawaida. Nyasi za rweya, mbuga ya malisho huko juu mlimani, zilikauka, vumbi jekundu likaingia hadi kwenye chakula, na sauti ile ikaanza kufifia. Mama alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, kwa hiyo kuchota maji kulikuwa kazi yangu. Nilingoja ndoo ijae huku nikibadilisha miguu, nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na hakuweza kuona jambo likiharibika akatulia. Aliitisha watu, wakakubaliana kupanua jicho la chemchemi ili maji yaongezeke. Wanaume walichimba tangu asubuhi wakiimba. Kufika mchana mtaimbo mmoja ulizama ghafla kwenye ufa wa mwamba. Maji yakaruka mekundu, watu wakashangilia. Kisha yakakatika. Baba alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye ufa mpaka begani, akautoa umejaa tope tupu.

Tukaanza kuteka maji mtoni, mbali, kwa njia ya mteremko mkali. Baba hakula vizuri. Aliketi, akainuka, akatoka, akarudi. Ndipo habari zikaja kwamba maji yametokea mteremkoni chini ya kibanja chetu, katikati ya kahawa ya Felisiani. Huyo alikuwa jirani ambaye hakusalimiana na baba tangu baba alipomwadhibu kwa kutokwenda kulima shamba la kijiji. Sasa kahawa yake ilikuwa imesimama kwenye maji, majani yakigeuka manjano. Wazee wengine walimwambia baba kwamba ardhi ni ya kijiji, aende na mgambo ayachukue maji hayo. Baba akachukua fimbo yake. Mama akasimama mlangoni na tumbo lake lote.

“Baba Koku, unakwenda na mgambo kumharibia mtu kahawa yake?”

“Watu wana kiu.”

“Na yeye ni mtu. Nenda ukamwombe.”

Baba aliiegemeza fimbo ukutani, akaondoka peke yake. Nilimfuata na ndoo yangu. Felisiani alikuwa amesimama kwenye tope, na hakutukaribisha.

“Balozi, umekuja kuniadhibu tena?”

“Nimekuja kukuomba,” baba alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu. “Maji nimeyapoteza mimi, na kahawa yako inakufa kwa sababu yangu. Hata siku ile ya shamba la kijiji, ulikuwa na mgonjwa ndani. Sikukuuliza.”

Felisiani aliigeukia mibuni yake iliyosimama majini. Mwishowe akaokota panga.

“Basi nisaidie kuanzia upande ule.”

Walikata pamoja mibuni iliyozama na kuchimba mfereji wa kuyatoa maji hadi njiani watu wateke, hawakuongea sana. Baba akamgawia kipande cha kibanja chetu apande upya, jambo lililowaudhi sana watu wa ukoo. Wiki hiyo mama alijifungua salama, na mke wa Felisiani ndiye aliyetuletea maji ya kumwogeshea mtoto.

Leo naishi Miembeni, mjini Bukoba, na maji yangu ni ya bomba. Mwaka jana nilikwenda Buganguzi, nikamkuta mpwa wangu ameleta mashine ya kuchimba kisima kirefu kwenye kibanja chetu. Nilifurahi, watoto wake hawatapanda mteremko na ndoo kichwani. Nikamuuliza kama amezungumza na watu wa chini, wanaokunywa kutoka mlima huohuo.

“Shangazi, kibali ninacho,” alinijibu kwa upole. “Na ardhi ni yetu.”

Yote mawili yalikuwa kweli. Mashine ikawashwa, ardhi ikatetemeka chini ya kiti changu. Walinipa chai, sikuweza kuinywa. Nikajifunga kitenge vizuri, nikashika njia ya bondeni nikawaambie watu wa chini mimi mwenyewe.