Kwa Karatasi, Mtoto Wangu Ni wa Wifi

Admin, nifichie jina. Wifi yangu yumo humu, akijijua ajijue tu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nalima mahindi na mihogo huku Mkata, Handeni. Nina mume, kama huyu naye ni wa kuitwa hivyo. Binti yetu amefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, na shule inataka nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa. Hapo ndipo uozo wa ukoo huu ulipofumuka.

Binti huyu nilimzalia Korogwe, kwa wifi, dada wa mume wangu. Wifi ana ajira, ana bima, na ana mdomo. Mimi nagaagaa na uchungu, mama mkwe akaamua: "Atumie kadi ya bima ya mwenzie, majina yana nini bwana?" Hakuna aliyeniuliza. Nikalazwa kwa jina la wifi, nikajifungua kwa jina la wifi. Cheti akakifuatilia wifi mwenyewe na akakaa nacho. Kila nikikiomba, mara funguo za kabati hazionekani, mara ana wageni. Shule ya msingi walipokea kadi ya kliniki, nikaona yaishe.

Safari hii nikapanda basi mpaka Handeni mjini, kwenye ofisi ya vyeti. Dada wa dirishani akatafuta kumbukumbu, akaangalia kitambulisho changu, akanitazama.

"Mama, nakala tunampa mwenyewe akiwa mtu mzima, au mzazi aliyeandikwa humu. Wewe haumo."

"Nimemzaa mimi!"

Akataja mama aliyeandikwa: wifi. Baba: mume wangu. Kisha akasita. "Samahani mama, mbona hawa wazazi wawili majina ya baba zao na babu zao ni yale yale? Si mtu na dada yake hawa?"

Jamani, nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka, halafu nikatoka nje nikalia. Watu wanaojifanya wa dini kuliko kijiji kizima, wanaonisema eti sijui kujitanda mtandio, kaka na dada wamezaa mtoto kwa muhuri wa serikali!

Nikamwambia mume wangu, wewe umeandikwa, nenda kachukue. Jitu zima na ndevu zake likaanza kubabaika. "Wakiniuliza habari za dada nitasemaje? Tumwombe aende yeye. Tusimuudhi." Baba anaogopa kuulizwa mama wa mtoto wake ni nani!

Wifi akajibu kwenye simu kwa raha zake: "Nitaenda, lakini likizo zote mtoto atakuja kwangu, na ataniita mama. Kwani karatasi inasemaje?" Wifi hajajaliwa mtoto, na sijawahi kumcheka kwa hilo. Ninachomdharaulia ni huu wizi wa mchana.

Juzi natoka shambani nikamkuta mume wangu amemshikisha binti simu, anamnong'oneza, "Sema, shikamoo mama." Mtoto akanitazama pale mlangoni na jembe langu begani.

"Shikamoo shangazi," akasema, akamrudishia baba yake simu.

Basi wifi amenuna, haendi tena, na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nimesema nitarudi ofisini nieleze yote, kadi ya bima na kila kitu, jina lirekebishwe. Mume wangu, aliyeogopa kusimama dirishani, ghafla amepata sauti: "Ukimharibia dada kazi, usirudi hapa kwangu."

Ndugu wasomaji, nisaidieni mawazo. Niende nikaseme ukweli, ndoa na ivunjike? Au nimpigie wifi magoti mtoto asome? Anayetaka kuniandikia nivumilie asijisumbue. Binti yangu ana miaka kumi na tatu, amepewa simu aseme uongo na amekataa. Mimi niliyemzaa nifanyeje?