Udongo Shingoni mwa Nyanya

Bupe wa Kisondela alikuwa na mkono mwepesi, na hilo alilijua mwenyewe. Marehemu mumewe, Lazaro, alizoea kutania kwamba ameoa bondia. Lakini mkono huohuo ndio ulioshika wembe, ukakata kikonyo laini cha mche wa nyanya, ukakiunga juu ya shina la ngogwe, ile nyanya chungu, na kukibana kwa kibanio bila kukichubua. Bwana shamba alimwonyesha mara moja tu, akashika.

Aliunga kwa sababu udongo wake ulikuwa mgonjwa. Misimu miwili mnyauko ulizimaliza nyanya zake. Leo zimesimama, kesho zimelala. Mizizi ya ngogwe haiujali mnyauko. Na safari hii hakuwa na nafasi ya kukosea, maana shemeji yake, Amoni, alishamwambia mbele ya ukoo, "Shemeji, zikinyauka tena nang'oa, napanda parachichi. Shamba la kaka yangu si makaburi ya nyanya."

Mwenye ardhi alikuwa babamkwe wake, Mzee Ambindwile. Bupe asingeweza kumsihi. Kwa mila ya kwao mkamwana hatazamani na babamkwe wala hasemi naye. Tangu aolewe, akisikia kikohozi cha mzee njiani alikuwa anaingia migombani mpaka apite. Akifukuzwa pale, hana pengine pa kwenda.

Miche ikashika, ikanenepa. Ndipo dada yake akaugua Mbeya, Bupe akaenda kumuuguza mpaka akapata nafuu.

Aliporudi alikuta kila shina limepandishiwa udongo, vizuri kabisa, kama viazi. Maungio yote yamezikwa. Nyanya ikizikwa hapo shingoni huotesha mizizi yake yenyewe, mizizi hiyo ikaingia kwenye udongo uleule mgonjwa, na ngogwe ya chini ikawa haina maana. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshalala.

Hakuuliza mtu. Jibu alikuwa nalo. Alinyakua mpini wa jembe ukutani, akamfuata Amoni alikokuwa akikatia ng'ombe majani ya migomba.

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili alilikinga kwa mkono, mfupa ukalia, wote wawili wakausikia. "Shemeji, una wazimu?" alisema Amoni, na kwa mkono mzima akamchapa bapa la panga mdomoni. Jino lilitoka. Bupe alilitema, akamrukia, wakaanguka juu ya majani, akamkalia kifuani na kuukandamiza mpini kooni mwake. Tusidanganyane, alitaka kumuua. Macho ya Amoni yalianza kugeuka, naye Bupe akaona raha.

"Mwache, mwanangu. Udongo nimepandishia mimi."

Sauti ilitoka migombani. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama amewapa mgongo, kama mila inavyotaka.

"Niliona mashina yako wazi, mvua inayachapa, na wewe hupo," alisema. "Nikasema nimsaidie mtoto, huyu Amoni asipate neno la kusema. Nilitaka kuuliza kwanza. Ningekuuliza vipi?"

Mpini ukamtoka mikononi. Amoni aligeukia ubavu, akakohoa, mkono wake umening'inia vibaya. Majirani walimpakia bodaboda kwenda hospitali, analia kama mtoto, na Bupe aliona aibu mpaka akatamani ule mkono ungekuwa wake.

Kisha akamwendea mzee, akapita mbele yake, akamtazama usoni huku damu ikimtiririka kidevuni. "Tata, baba yangu," alisema, "njoo nikuonyeshe."

Mzee alisitasita, akamfuata. Alifukua udongo kwa vidole, shina baada ya shina, na Bupe nyuma yake akaikata kwa wembe mizizi myeupe iliyoota juu ya maungio. Walifanya kazi hiyo mpaka mvua ikawafukuza. Sehemu ya shamba ilikufa. Iliyobaki ilizaa vizuri, na habari ya parachichi haikuzungumzwa tena.

Mkono wa Amoni uliunga, lakini umepinda, na jembe haulishiki. Basi kila msimu Bupe huanza kulima shamba la Amoni kabla ya kugusa lake. Amoni hukaa mlangoni akimtazama. Salamu yake haitikii, na Bupe hajaacha kumsalimu.