Saini Kumi na Tisa za Kurrabin

Jabez Trembath, mkuu wa posta wa Kurrabin, alikuwa mtu wa kuheshimika kupita kiasi, na ubaya wa watu wa namna hiyo ni kwamba hawajazoea kukosea. Tangu jimbo la Kurrabin lianzishwe, enzi za dhahabu tele, yeye ndiye aliyesimamia kituo cha kura ukumbini. Sheria aliijua kama Baba Yetu: kila karatasi ya kura aitie saini mgongoni kabla ya kumpa mpiga kura. Isiyo na saini hutupwa.

Uchaguzi wa 1905 ulikuwa wa kufa na kupona. Dhahabu imepungua, watu wanahama, na kule mji mkuu, Perth, wabunge wanataka kulifuta jimbo, limezwe na lile la wafugaji wa kondoo. Mgombea wa wachimbaji, Quirke, aliapa kulitetea.

Jabez alizoea kutia saini mapema, bunda kwa bunda, huku akinywa chai ya asubuhi. Saa kumi alasiri mjane Tryphena Oates alitumbukiza kura yake, mgongo juu. Mgongo ulikuwa mweupe. Jabez akalitazama bunda mezani: kati ya ishirini imebaki moja, nayo haina saini. Kumi na tisa ameshazitoa! Kalamu ikamponyoka.

"Mzee, mbona umepauka hivyo?" akauliza wakala wa Quirke. "Umeona mzimu?"

"Njaa tu."

"Basi tunawahi keki za akina mama huko nyuma, huyu mwenzangu asije akazimaliza. Tukuletee?"

"Nileteeni."

Mawakala wote wawili wakatoka, wa Quirke na wa mpinzani. Ukumbi ukabaki mtupu. Kulifungua sanduku la kura kabla ya wakati ni jela, na jela aliiogopa sana. Lakini aliogopa zaidi nyuso za majirani waliotoka machimboni kwa mikokoteni tangu alfajiri, waje kupiga kura ambazo yeye ameziua. Akalifungua. Akazisaka zisizo na saini, akazisaini moja moja, roho mkononi, vidole vikitetemeka. Hakugeuza hata moja kuona imempigia nani. Huo ndio utetezi aliomwekea Mungu maisha yake yote. Alipozungusha ufunguo, vicheko vya mawakala vilikuwa vimeshafika mlangoni.

Wakati wa kuhesabu, wakala wa mpinzani aliinua karatasi moja kwenye taa.

"Saini gani hii, Mzee? Uliandika ukiwa juu ya ngamia?"

Watu wakaangua kicheko. Jabez naye akacheka, meno tu. Quirke alishinda kwa kura kumi na moja.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za Jabez zilipita, zikapita arobaini nyingine, na hofu haikupungua hata chembe. Kila mfuko wa barua ulipita kwanza mikononi mwake, na kila bahasha ya serikali aliipima kwanza mwangani. Aliacha kuhubiri kanisani Jumapili, kwani Maandiko yanasema waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu, na aliogopa kuusoma mstari huo mbele za watu.

"Unaogopa nini, baba watoto?" mkewe, Honor, alimuuliza.

"Siogopi kitu. Lete chai."

Mwaka 1911 ikaja bahasha ya ofisi ya uchaguzi, yenye jina lake. Posta ilikuwa imejaa watu wanaongoja barua zao, nao wakamtaka aisome kwa sauti. Akaipasua akijua amekwisha. Jimbo la Kurrabin limefutwa, akasoma. Kituo kifungwe. Karatasi zote za kura za zamani zichomwe moto.

Wanaume wakavua kofia. Jabez akaketi juu ya mfuko wa barua, akalia kwa sauti kama mtoto. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtisha kuliko miaka yote sita ya woga.

Tryphena Oates akamshika bega. "Lia, kaka, lia tu. Hakuna aliyelipenda jimbo hili kama wewe."