Meza Zilizokwenda Kikula

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jetoni kabla ya kupewa penseli. Jetoni ilikuwa kipande cha bati cha mviringo chenye namba. Asubuhi kila mfanyakazi aliitundika kwenye ubao wa mlangoni, na jioni aliishusha. Jetoni iliyotundikwa ilimaanisha kwamba mtu yupo, na mtu aliyekuwepo alihesabiwa kuwa anafanya kazi. Nilikuwa nimetoka tu shule ya sekondari ya ufundi hapa Likasi, na wazo hilo nililipokea bila kuliuliza swali. Baadaye lilinifanya niharibu kitu kizuri, na ndicho ninachotaka kuwaeleza ninyi vijana.

Karakana yetu ilitengeneza vipuri. Watu wa migodi ya Kambove, wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe na wa vinu vya unga walituletea chuma kilichovunjika, nasi tukawatengenezea kingine. Lakini fundi hakugusa mashine yake mpaka awe na mchoro, na mchoro ulitoka kwetu, ofisi ya michoro, ambayo wote tuliiita biro. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa na meza za kuchorea zilizopangwa kama madawati ya shule.

Shefu wa Biro wa wakati huo alikuwa mtu mnene, msafi, asiyependa maneno mengi. Alinipeleka kwenye meza yangu, akaigonga kwa kidole.

“Weye, kijana, unaona hii meza?”

“Ndiyo, Shefu.”

“Kama minaingia na sikuone hapa, kwangu weye haukutumika kazi. Hata kama ulichora kanisa muzima kule kwenu.”

Wachoraji wakacheka. Mmoja akaniuliza kama kanisa langu lingekuwa na mnara. Nilicheka nao, ila tangu siku hiyo niliogopa hata kwenda chooni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchoraji alipima kipande kilichovunjika, akakichora kwa penseli kwenye karatasi nene. Kisha mchoro ulikwenda kwa mnakili, ambaye aliufuatisha kwa wino juu ya kalki, ile karatasi inayopitisha mwanga. Kutoka kwenye kalki zilitolewa nakala za bluu kwa ajili ya mafundi. Sheria kubwa ilikuwa kwamba fundi hapimi mchoro kwa rula. Anasoma tarakimu zilizoandikwa, kwa sababu kalki hutanuka wakati wa mvua na kujikunja karibu na moto. Mnakili mzuri alikuwa mali kubwa. Aligundua kosa la mchoraji kabla chuma hakijakatwa.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Kambove, kwenye kituo kidogo cha karakana yetu, chini ya Mkuu wa Kituo. Huko nilichora peke yangu katika chumba kidogo nyuma ya ghala, na michoro ikaja Likasi kwa gari la jioni. Hakuna aliyekuja kunitazama nikichora, na hakuna mchoro wangu hata mmoja uliorudishwa. Ningeweza kujifunza jambo hapo, lakini sikujifunza. Niliporudi Likasi nilifurahi kutundika tena jetoni yangu pamoja na wenzangu.

Halafu ikaja miaka ya tisini. Nchi bado ikiitwa Zaire, na mjini kila kitu kilianza kulegea. Wenzetu wengi wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa, wakalazimika kuondoka kwa treni, na miongoni mwao walikuwa wachoraji walionifundisha kazi. Sitasema mengi kuhusu hilo. Waliokuwepo wanajua, na meza zao zilibaki tupu mbele ya macho yetu. Basi la wafanyakazi lilikufa kwa kukosa vipuri, na sisi ndio watu wa vipuri. Umeme ulikuwa ukija unapotaka. Waliobaki walitembea kutoka Kikula, mtaa tulikokaa wengi wetu, kwa miguu, wakafika na viatu vya matope na mikono inayotetemeka. Mkono unaotetemeka haushiki kalamu ya wino.

Mhandisi Mkuu, aliyekuwa juu ya Shefu wa Biro na juu yetu sote, alikuwa mtu mpole aliyezoea kufikiri huku akitembea. Siku moja alisimama katikati ya chumba, akatazama meza.

“Hizi meza zinaweza kutoka ku mulango?” akauliza.

“Zinaweza kama tunaondosha miguu,” nikajibu. “Ziende wapi, Mhandisi?”

“Kwa benyewe. Kila mutu achukue yake ku nyumba. Minye mina lazima ya michoro, sina lazima ya viatu vyenu.”

Tulidhani anatania. Jumamosi hiyo meza zilitoka zimelazwa juu ya mikokoteni, na watu wa Kikula walisimama barabarani wakituuliza kama tumefukuzwa kazi. Mzee Donati, mtumishi wa ofisi, alipewa baiskeli na mrija wa bati wa kubebea kalki. Asubuhi alipeleka kazi nyumba kwa nyumba, na siku iliyofuata alikusanya zilizokwisha. Jenereta ya biro ilizimwa, na mafuta yake yakaenda kwenye mashine za mafundi.

Aliyefanya vizuri kuliko sote alikuwa Mama Feza, mnakili wetu. Alikuwa mjane, na mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Kabla ya hapo alikosa kufika kazini mara kwa mara, na kila alipokosa tulimnung'unikia. Sasa alinakili kando ya kitanda cha mama yake, mwanga wa dirisha ukimwangukia mkono wa kushoto. Kalki alizilaza chini ya godoro la mgonjwa ili zisijikunje, na mbabula, jiko lake la makaa, aliipeleka nje, mbali na karatasi. Hakukosa tena.

Kisha alivumbua jambo ambalo hata Mhandisi Mkuu hakulifikiria. Simu za waya zilikuwa zimekufa, lakini sokoni Kikula palikuwa na foni, ile radio ambayo wafanyabiashara waliitumia kuongea na Lubumbashi. Mteja mmoja wa huko mwenye vinu vya unga alikuwa akisafiri mpaka kwetu kila kinu kilipovunjika, na barabara mnaijua. Mama Feza akamtumia ujumbe apime mwenyewe na kusoma vipimo hewani. Nilimsindikiza siku ya kwanza. Kibanda kilijaa watu wanaosubiri zamu.

“Kipenyo cha ndani, sabini na mbili. Rudia,” Mama Feza akasema kwenye kipaza sauti.

“Sabini na mbili,” sauti ikajibu kwa mbali. “Na meno iko makumi mbili na mine.”

Mama mmoja mwenye kapu akapiga makofi. “Bantu ya Mungu! Minye nilikuja kuuliza samaki yangu iko wapi, beye banahesabu meno! Ni ya nani hiyo meno?”

“Ya mashini, mama.”

“Basi muipeleke ku dokta, mutuachie foni!”

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini mchoro ulipatikana na gurudumu la meno likamfaa mteja bila yeye kuondoka kwake. Habari zikaenea. Wenye vinu wa Lubumbashi, ambao kwao karakana hazikukosekana, walianza kuleta kazi Likasi kwa sababu Likasi ilijibu haraka. Mafundi wa mashine walipata kazi, wenye malori wakapata mzigo, na hata mwenye foni akanunua betri mpya. Mji ambao kila mtu alikuwa akiukimbia ulikuwa ukipata kazi ya mji mkubwa kuliko wenyewe, kwa sababu tu watu wake wachache waliachwa wakae mahali wanapoweza kufanya kazi vizuri.

Mhandisi Mkuu alihamia Lubumbashi kwa ajili ya matibabu. Shefu wa Biro alikuwa ameshastaafu. Cheo chake cha Shefu kikaniangukia mimi.

Naomba mnielewe jinsi cheo kilivyokuwa kwetu. Shefu alipoingia asubuhi, watu walisimama na kumsalimia. Mimi niliingia katika chumba chenye meza yangu na alama za miguu ya meza nyingine sakafuni. Nilisalimiana na Mzee Donati peke yake. Siku ambayo mjumbe wa wenye mali, wamiliki wa karakana, alikuja kukagua, alitazama chumba, akanitazama mimi.

“Na biro iko wapi?”

“Iko Kikula, Bwana.”

“Na weye uko shefu ya nini? Ya madirisha?”

Hakukasirika. Alitania tu, kisha akasifu kazi na kuondoka ameridhika. Hakuniagiza kitu. Ni mimi niliyelala na aibu na kuamka nayo. Wiki hiyohiyo nilimtuma Mzee Donati awaambie wote warudishe meza.

Kwa Mama Feza nilikwenda mwenyewe. Alikuwa akinakili mchoro wa roli za Kakontwe, zile zinazobeba mkanda wa mawe. Mama yake alinitazama kutoka kitandani.

“Kazi inafanyikia ku biro,” nikamwambia.

“Na hii yote tulifanya, Shefu, ilikuwa nini? Muchezo?”

“Sikusema muchezo.”

“Kuko mchoro moya yangu ilirudishwa?”

“Hakuna.”

“Basi munieleze. Munataka kazi, ao munataka minye nikae mbele yenu?”

Nilipandisha sauti. Nilisema asiporudi Jumatatu nitamweka mwingine. Aliifunika kalamu yake taratibu, akamtazama mama yake.

“Huyu nitamuachia nani, Shefu?”

“Kila mutu iko na shida yake,” nikasema. Nimeyasema maneno mengi maishani, lakini hayo ndiyo ningependa kuyarudisha.

Jumatatu wote walirudi isipokuwa yeye. Walisimama nilipoingia, nami nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Umeme haukuwepo. Tuliwasha jenereta, na mafundi wakaja kuuliza mafuta yao yamekwenda wapi. Mvua iliponyesha, watu walifika wamelowa wakasubiri mikono ikauke. Mnakili mpya alipitisha kosa ambalo Mama Feza angelikamata, na roli za Kakontwe zikatupwa. Mteja wa Lubumbashi alipoita kwenye foni hakumkuta mtu wa kumjibu, maana sheria yangu ilisema hakuna kutoka ofisini saa za kazi. Wachoraji wawili walivuka mpaka kwenda Zambia. Nilikuwa na watu mbele yangu na sikuwa na kazi ya kuwapa. Mwishowe wenye mali walifunga biro, kisha karakana.

Mteja wa Lubumbashi hakupotea. Alimuuliza Mzee Donati yule mama wa foni anakaa wapi. Kutoka nyumbani kwake Mama Feza alianza kuchora kwa ajili ya mafundi wadogo wa Kikula waliokuwa wamenunua mashine zetu kuukuu. Lakini kazi kubwa, ile ya kulisha karakana nzima, ilikwenda miji mingine, na Likasi haijairudisha yote mpaka leo.

Sasa ninyi mna simu zinazobeba mchoro mzima kwa kufumba na kufumbua. Nasikia bado kuna waajiri wanaolipia jengo, jenereta na gari la wafanyakazi ili tu wahesabu vichwa asubuhi. Nawaambia kwa upole, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao: mwajiri anayemwachia mfanyakazi wake mwema akae karibu na mgonjwa wake anabaki na mfanyakazi huyo. Mafuta anayoyaokoa yataendesha mashine. Na mji usio na barabara nzuri unaweza kushindana na mji wenye barabara, ikiwa kazi haihitaji kupita barabarani. Haya niliyaona kwa macho, nikiwa katika nafasi ya kuyalinda.

Baada ya karakana kufungwa nilikaa bila kazi muda mrefu. Mke wangu ndiye aliyesema, “Mwende kwa Mama Feza. Aibu ni kitu mutakula?” Nilikwenda nikiwa nimetayarisha hotuba ya kuomba msamaha. Mama yake alikuwa amefariki kitambo. Kitanda hakikuwepo tena, na mahali pake palikuwa na meza ya pili. Nilianza hotuba, akaisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, wala sikustahili kumharakisha. Alinipa kipande cha pampu kilichovunjika, kimefungwa kwenye gunia.

“Munichoree hii, Papa. Siku ya ine muniletee.”

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikanyoa ndevu, nikavaa shati safi na kutembea mpaka kwake. Alifungua mlango akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani.

“Kuko shida, Papa?”

“Hapana. Nimekuja kusalimia. Muone kama niko ku kazi.”

Alinitazama kwanza kana kwamba mimi si mzima kichwani. Kisha akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, na jirani akachungulia kuona ni nini.

“Papa,” akasema, “murudie ku nyumba. Kazi iko kule.”

Nikarudi. Nilifika jua likiwa bado dogo, nikafungua dirisha la upande wa kushoto, nikaanza kupima pampu.