Mwatumu na samaki wa Ijumaa ya mwisho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia bwawa la Kwemshihi, mwendo wa bodaboda kutoka Pongwe kuelekea bara. Katikati ya maji kimesimama chelezo cha mapipa ya plastiki. Juu yake wamekaa wanawake wawili waliojitanda khanga juu ya masweta. Mmoja ameshika pondo, mti wa kusukumia chelezo. Mwingine ana uzi wa nailoni mdomoni.

Hautafuni. Ameubana kidogo tu kwa midomo, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea.

"Wifi, midomo imekuwa zambarau hiyo," anasema mwenye pondo. "Pumzika japo kidogo."

Mwenzake akifungua mdomo, uzi utamponyoka.

Anayevua ni Mwatumu Sele, mwenye umri wa miaka 51, mkazi wa Pongwe. Mwenye pondo ni Najat, dada wa mumewe. Asubuhi hii ya baridi ya Julai, Mwatumu anatafuta samaki mmoja tu. Asipomtoa kabla watu hawajakwenda kuswali Ijumaa, kesho lango la bwawa litafunguliwa, maji yote yatakwenda na mto, na kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja itakuwa imekwisha.

Samaki huyo watu wa Kwemshihi wanamwita domo, na ukimwona hutauliza kwa nini. Akiachama, ngumi ya mtu mzima inaingia. Wazee wanasema aliletwa na mabwana wa shamba la mkonge waliokuwa wakimvua kwa kujifurahisha. Mabwana waliondoka, mkonge ukafa, domo akabaki na tabia yake ya kula kila kinachomtosha kooni.

Ukingoni, mikono ameikunja kifuani, amesimama mwenyekiti wa chama cha watumiaji wa bwawa, Innocent. Hana sura ya mtu mbaya. Ana sura ya mtu aliyechoka kulaumiwa.

"Mimi na huyu mama hatuna ugomvi," anasema. "Wakati wa masika tulipandikiza vifaranga vya perege, elfu tatu. Leo ukipitisha wavu, unatoa majani. Domo amewamaliza. Bwawa likikauka anakufa, tunaanza upya. Wewe ungefanya nini?"

Swali lake ni zito. Lakini bwawa likikauka sasa, bustani za mchicha na bamia zilizo chini yake zitasubiri mvua za vuli, na ng'ombe watatembezwa mbali kutafuta maji. Katika mkutano wa wiki iliyopita, wengi waliinamisha vichwa. Ni Mwatumu aliyesimama.

Aliwaambia kwamba domo wakubwa, wale majike wanaotaga, si wengi. Baridi ikiingia wote hushuka kwenye shimo moja, ulipokuwa mkondo wa kijito kabla bwawa halijachimbwa. Wakitolewa humo kabla joto halijarudi wakataga, perege watapona na maji yatabaki. Mkutano ukamjibu kwa kifupi: basi tuonyeshe. Alete mmoja tu, mkubwa, kutoka kwenye shimo hilo. Akapewa mpaka Ijumaa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi amerudi mikono mitupu.

Nilimuuliza, kabla hajapanda chelezo, kama anajua kwamba akifanikiwa atakuwa amewamaliza samaki wanaomlisha. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Domo wakiisha nitavua perege," alisema. "Maji yakiisha nitavua nini, tope?"

Mtu anaweza kudhani samaki kujikusanya pamoja ni bahati kwa mvuvi. Sivyo. Wakati wa joto, domo ni mkorofi. Anarukia chura, panzi, hata jani lililoanguka, na akishika ndoano mkono wako unajua.

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," anasema Mwatumu. "Wa kipupwe hana hasira. Maji yanateremka na baridi yake toka huko milimani Usambara, yeye yuko chini kajilalia. Hakimbilii kitu. Nyungunyungu umpitishie mdomoni kabisa. Atamvuta ndani, akihisi chuma anamtema. Ni tik, basi. Hukuisikia, ushakosa."

Hiyo tik husikiwa kwa ncha za vidole. Na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mwatumu, cha shahada na cha kati, havisikii kitu. Unaweza kuvichoma kwa sindano naye akaendelea kukusimulia habari za jirani.

Alizaliwa pwani ya Mtang'ata, binti pekee wa mvuvi wa mshipi. Kwa kuwa baba hakujaaliwa mtoto wa kiume, alimpeleka yeye baharini, majirani wakasema mpaka wakachoka. Huko alijifunza mazuri yote ya kazi na kosa lake moja kubwa: kujizungushia mshipi kidoleni. Wavuvi wengi wa pwani ile hufanya hivyo. Mtu anaviringa uzi mara moja au mbili kwenye kidole, kisha anaweza hata kusinzia, samaki akigusa atamwamsha.

Siku moja aliyemwamsha alikuwa kolekole, samaki mwenye nguvu kweli. Alipozama na ndoano, uzi ulikata nyama mpaka mfupani. Vidole vilishonwa na vikapona, lakini hisia hazikurudi.

"Niliacha bahari kwa aibu, si kwa maumivu," anasema. "Mvuvi wa mshipi asiyesikia mshipi ni nani?"

Akaolewa Pongwe na Msafiri, anayekaanga samaki kando ya barabara, akajaribu kuuza maandazi, akayachukia. Kwemshihi alikuja na mumewe kununua samaki, akabaki. Domo wa joto aliwamudu kwa mkono wa kushoto. Kipupwe alikuwa akikaa nyumbani, mpaka siku moja akiwa bwawani anafunga ndoano mpya, uzi wa zamani ulio majini kaushika kwa meno, akasikia mdomo umeguswa. Tik. Alivuta, akatoa domo.

Watoto wa Kwemshihi wanamwita Mama Anakula Mshipi. Watu wazima wanamwita hivyohivyo, ila kwa sauti ndogo.

Saa tatu kasoro, ukungu umeanza kupasuka. Ukingoni tumeongezeka. Mzee Shehe, mwenye shamba la bamia, amekuja na kanzu yake ya Ijumaa kabisa.

Ghafla mkono wa Mwatumu unaruka. Anavuta kwa nguvu, mvuto mrefu wa baharini, na uzi unakuja mwepesi. Ndoano haina kitu.

"La haula!" Sauti yake inafika ukingoni wazi kabisa juu ya maji yaliyotulia. "Mkono huu! Mkono huu wa Mtang'ata utaniua!"

Baadaye ananieleza kwamba domo wa baridi havutwi papo hapo. Anaachiwa kidogo aumeze. Baharini ukichelewa, papa anakuibia, na mkono wake tangu utoto umefundishwa kuogopa papa.

Najat anamwekea nyungunyungu mwingine. Chubwi, kizamishio cha uzi, inazama tena. Innocent anatazama saa yake, kisha anaonekana kuona haya, anaifunika kwa mkono wa shati.

Safari hii inapokuja hatuioni. Tunachoona ni Mwatumu kufumbua macho. Havuti. Anakaa, anakaa, mpaka mzee Shehe pembeni yangu ananong'ona, "Vuta, mwanangu, vuta." Ndipo anapochukua uzi kwa mkono wa kushoto na kuukaza.

Chelezo kinalalia upande mmoja. Kitu kizito kinageuka chini ya maji, kisha kinapanda, na kwa muda wa kupepesa jicho tunamwona wote: ubavu wa kijani, na mkia mpana kama sahani unaopiga maji na kupotea. Mtu mmoja ukingoni anapiga kelele ya furaha.

Lakini samaki anazama kuelekea chini ya mapipa. Mkono mmoja hautoshi, na uzi unateleza katika vidole vya kulia bila vyenyewe kujua.

"Wifi, shika!"

Najat anaachia pondo, anaupokea uzi. Yeye si mvuvi, hata kuogelea hajui. Ila ni mtoto wa pwani, na tangu utotoni amewaona wavuvi. Kwa hiyo anafanya walichofanya wote. Anauzungusha kidoleni, mara ya kwanza, mara ya pili.

Uzi wa kipupwe ni mwembamba kusudi, ili midomo isikie vizuri. Domo anapovuta, Najat anapiga ukunga. Mwili wake wote unavutwa mbele, mkono umetangulia majini.

Mwatumu angeweza kumshika wifi yake na kuvuta naye. Samaki alikuwa amechoka, zilibaki kama dhiraa mbili tu kumfikia. Kwenye bakuli la chambo kulikuwa na kisu. Hakufikiri hata kidogo, anasema. Alikichukua akakata.

Maji yakatulia. Kisha ikaja sauti ya Najat, ya kilio na hasira pamoja.

"Umemwachia! Wifi, umemwachia!"

"Nionyeshe kidole."

"Umemwachia, kesho wanafungua!"

"Najat, nionyeshe kidole!"

Mchana, baada ya swala, mkutano unafanyika nje ya ghala la chama. Mwatumu amekaa mbele, sweta bado limelowa. Najat yuko kando yake, kidole kimefungwa kitambaa cheupe chenye damu kidogo. Kimechanika, lakini kinakunjika.

Innocent anasimama na kusema kinachotarajiwa. Walikubaliana samaki aletwe. Samaki hakuletwa. Chama kikianza kupindisha maneno yake chenyewe, nani atakiheshimu? Wengine wanaitikia kwa vichwa.

Mwatumu anainuka taratibu.

"Mwenyekiti, siombi huruma. Nakuuliza tu. Asubuhi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

Innocent angeweza kusema ameona maji yakiruka. Hakuna ambaye angembishia sana.

"Niliona mkia," anasema.

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa." Anapangusa uso kwa kiganja. "Haki ya Mungu, mkubwa. Na ulitoka pale pale ulipotuambia."

Mzee Shehe anacheka kwa sauti, na kicheko kinaambukiza. Uamuzi haukuchukua muda. Lango litabaki limefungwa mpaka kipupwe kiishe. Mwatumu atalisafisha shimo, na kama vuli ikikuta majike bado wamo, hatapinga tena lango kufunguliwa.

Si muda mwingi, naye anajua. Jioni namkuta Pongwe, uani kwake, amekaa mkabala na Najat, ndoo ya maji katikati. Uzi umepita ndani ya maji, ncha moja ameishika yeye, nyingine iko midomoni mwa wifi yake. Anaugusa kidogo sana, Najat anainua mkono wenye kitambaa kuonyesha amesikia. Akikosea, wanarudia. Msafiri, akiwa jikoni na karai lake, anauliza kama watu wa nyumba hii watakula samaki au nailoni.

Mpango wa Mwatumu ni kwamba kuanzia kesho chelezo kiwe na nyuzi mbili. Anataka pia majirani wawili zaidi, akiwapata, wafundishwe kabla Agosti haijaisha.

Nikamuuliza kama hajutii kisu kile. Akaacha uzi ulegee.

"Kidole kile ndicho anachoninyooshea tangu nilipoolewa," alisema, na Najat akampiga kofi la begani. Kisha akaacha utani. "Samaki yule hajaenda popote, mwandishi. Yumo mle mle, na ndoano yangu anayo mdomoni. Kidole cha wifi yangu kingekatika, ningekwenda kukivua wapi? Ndoano kesho asubuhi nakwenda kuidai."