Kisu cha Mama Kimechoka

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na visu arobaini na kimoja ambavyo havijawahi kukata kitu. Sasa anavyo arobaini. Nimevihesabu mwenyewe, nikiwa nimevaa glavu nyeupe za pamba, kwa sababu bila glavu hulikaribii kabati lile. Limesimama sebuleni karibu na dirisha, lina milango ya kioo, na ufunguo wake anatembea nao shingoni. Mgeni akinyoosha kidole tu, kabla hajafungua mdomo, anaambiwa, "Usiguse." Ndiyo maana katika familia tunamwita Usiguse. Mwenyewe anajua, na nadhani hilo jina analipenda.

Msimwogope lakini. Mtu mwenye visu vingi hivyo ungedhani ni mtu wa shari, kumbe huyu hata kuku akichinjwa anaingia ndani. Ni fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya ofisi: meza moja ndefu, mashine ya kubania, makopo ya gundi, nyuzi zilizopakwa nta. Watu wanamletea vitabu vilivyochanika migongo, naye anavirudisha na majalada mapya na herufi za dhahabu. Kazi yake ni kuchukua vikuukuu na kuvifanya vipya. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Rafiki yake mkubwa ni mwenye bucha wa mtaa wa pili. Huyo naye anakusanya visu, ila anataka vilivyotumika tu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanakutana kwenye kile chumba cha gundi kubishana. Mwenye bucha anatoa kisu kilichopasuka mpini, bapa limejaa madoa, anaanza kukisoma: mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ona makali yalivyolika, hapa kiliwahi kuanguka, hapa mtu alifungulia kopo, Mungu amsamehe. Usiguse anamsikiliza huku amekunja pua. Kwake yeye kisu kizuri ni kile kilichotoka kiwandani kikaingia kwenye karatasi ya mafuta na kikakaa humo. Kisu kikishaonja kitunguu, husema, si changu tena, ni cha kitunguu. Mwenye bucha humjibu kwamba kisu kisichokata ni kijiko. Hapo chai inapoa, na mimi niliyepita tu kuleta vitambaa vya majalada naombwa niamue. Mimi ni fundi cherehani. Nina mkasi mmoja mwaka wa ishirini na mbili huu, na mtu aliyewahi kuukatia karatasi anakumbuka hadi leo nilichomwambia. Msimamo wangu unajulikana, lakini huwa nakataa kuamua ili nisikose chai.

Basi Mama akaja. Macho yake yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu, na kule kwake ghorofani, peke yake, ngazi zilikuwa zimeanza kututia hofu. Dada akaenda kumchukua. Mama alikubali kwa sharti kwamba anakuja wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi saba, lakini mfuko wake wa safari ulikaa chini ya kitanda, umefungwa, na nguo zikifuliwa zinarudi humohumo. Sote tuliuona ule mfuko na hakuna aliyeutaja. Aliyekerwa nao zaidi ni Usiguse. Yeye alilelewa kwa shangazi huyu mara shangazi yule, hakuwahi kukaa nyumba moja na mama, na sasa alipompata alitaka abaki. Hakulisema hilo kwa mtu. Ila kila nikitoka chumbani kwa Mama alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Bado umefungwa?" Nami namjibu bado.

Kilichomshikilia Mama miezi yote hiyo ni jiko. Haoni, lakini mpe kisu chake na beseni la viazi, anamenya kunishinda mimi na macho yangu mawili. Alikuja nacho kwenye mkoba wa mkononi, kimeviringishwa kwenye taulo. Alikinunua mwaka alioolewa. Kwa kunolewa miaka yote hiyo bapa lilikuwa limeliwa likabaki na upana wa kidole, jeusi, na mpini ulikuwa na bonde mahali kidole gumba kinapokaa. Karibu na bapa, upande wa makali, palikuwa na pengo dogo alilolichonga mwenyewe macho yalipoanza kumgomea. Akiligusa tu, anajua makali yako wapi. Saa nne asubuhi anashika jiko, mchana tunakula alichokata. Na alituambia wazi kwamba siku atakayokaa akisubiri kuletewa sahani, siku hiyo anarudi kwake.

Kosa lilianzia kwenye heshima. Mama na mkwewe wanaheshimiana mpaka inachosha. Katika miezi ile saba sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake jambo moja kwa moja. Yote yalipitia kwa dada. Mwambie mkwe chakula tayari. Mwambie Mama nashukuru. Na wote wamekaa meza moja. Dada wa watu aligeuka tarishi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi moja Mama akamwambia, "Mwambie mkwe kisu changu kimechoka, akiangalie." Aliyekulia nyumba yetu anajua maana yake: kimekuwa butu, kipitishe kwenye kinoo mara tano sita, kirudi kabla ya saa nne. Kwetu kisu huchoka, kikinolewa kinaamka, basi. Lakini dada alikuwa anawahi zamu yake, akaufikisha ujumbe akiwa mlangoni, neno kwa neno, bila maelezo. Na kwa Usiguse kuchoka ni jambo zito. Kitabu kilichochoka kinavuliwa jalada. Kwenda kumuuliza Mama anataka nini hasa hakuthubutu, heshima ilimzuia. Akakichukua, akaenda nacho kazini.

Huko akakuta jambo lililompandisha wazimu kabisa. Alipokipangusa, chini ya ule weusi, karibu na mpini, ikaibuka chapa ndogo ya kipepeo. Kabatini kwake, rafu ya juu, kisu namba moja, chenye karatasi yake ya mafuta na boksi lake, kina kipepeo huyohuyo. Vilikuwa ndugu. Akakileta kile cha kabati, akakiweka mezani kiwe kielelezo, akafanya kazi siku tatu. Alisugua weusi wote kwa msasa hadi bapa likang'aa. Alinyoosha makali. Aling'oa mpini, akatia mwingine wa mti mgumu, umepigwa vanishi, na misumari ya shaba. Siku hizo tatu Mama alitumia kisu cha dada, na alikisema vibaya kila alipokishika.

Jumapili baada ya chakula kikaletwa, kimefungwa kwenye kitambaa chekundu. Dada akakiweka mkononi mwa Mama. Usiguse alisimama mlangoni, mikono nyuma, na furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Mama akakipapasa. Akatafuta bonde la kidole gumba, hakuna. Akatafuta pengo, hakuna. Akakigeuza, akakigeuza tena, kidole kikakutana na makali, tone la damu likatoka. Akalifuta na kile kitambaa chekundu. Kisha akasema kwa adabu zake zote, "Kizuri sana. Cha nani hiki?"

Dada akamnong'oneza kwamba ni chake kilekile. Mama akaongeza harakaharaka kwamba dada amwambie mkwe ahsante. Lakini kesho yake saa nne haikumkuta jikoni. Alikaa sebuleni karibu na lile kabati, mikono mapajani, mpaka akaletewa sahani. Jumatano akaanza kuulizia mabasi. Alhamisi tiketi ikakatwa, ya kesho yake.

Nilipopata habari hizo nilifunga cherehani, nikabeba hasira zangu zote nikaenda kule nyuma ya duka. Usiguse alikuwa anapunguza kingo za ngozi ya jalada kwa kisu chake cha kazi. Hicho hakimo kwenye vile arobaini na kimoja. Ncha ilishakatika, mpini umezungushiwa utepe mweusi, na utepe umeshika umbo la vidole vyake. Nikamuuliza mpini wa Mama uko wapi. Akasema aliutupa, na gari la taka lilipita Jumatatu. Alikuwa bado haelewi. Aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kile kisu sasa kinafanana na cha kabati kwa kila kitu isipokuwa upana, hajui Mama amekiona na kasoro gani.

Sikubishana naye. Alipokiweka chini kisu chake cha kazi nikakichukua, nikaokota na kipande cha msasa, nikaanza kuubandua ule utepe kwa kucha.

"Shemeji, usiguse."

"Kimechoka hiki," nikamwambia. "Nakitengeneza."

Alinipokonya. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuninyang'anya hata gazeti, lakini siku ile alinipokonya, akakibana kifuani. Halafu akakitazama. Akautazama utepe, na vidole vyake vilivyokuwa vimeshaingia, kila kimoja mahali pake. Akakaa juu ya lundo la karatasi. Nilimwonea huruma, nikayameza maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Shemeji," akasema, "nimemkata Mama mkono."

Jioni ileile mwenye bucha akaja nyumbani na visu sita vikuukuu kwenye kikapu, Mama achague chochote chenye mpini uliolika. Mama akavijaribu vyote bila kuruka hata kimoja. Kila kisu kilikuwa na bonde, ila bonde la kidole cha mtu mwingine. Mwenye bucha akaondoka na kikapu chake, amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nakiri kwamba hilo lilinifurahisha kidogo.

Ijumaa niliwahi kwa dada asubuhi, maana basi la Mama lilikuwa la saa sita. Mfuko ulikuwa mlangoni tayari. Nikamkuta Usiguse amefungua kabati na hajavaa glavu. Alishusha kisu namba moja kutoka rafu ya juu, akakivua ile karatasi ya mafuta, ambayo kwa miaka kumi na tisa tulikuwa haturuhusiwi hata kuipumulia, akaifinyangafinyanga akaitupa. Akaingia jikoni. Mama alikuwa anamalizia chai. Dada, kwa mazoea, akainuka kupokea ujumbe. Mumewe akampita.

"Mama," akasema, "naomba mkono wako wa kulia. Nataka nijue pengo niliweke wapi."

Sijui nani alishtuka zaidi. Mama akautoa mkono. Usiguse akaukunja juu ya mpini, akachora kwa penseli yake ya kazi mahali kidole cha shahada kilipotua upande wa makali, kisha akatoa mfukoni kile kisu cha utepe mweusi akaanza kuuchonga mpini wa kisu namba moja, palepale, vumbi na vipande vya mti mzuri vikianguka sakafuni. Mimi nilitazama pembeni. Alichonga kidogo, akampa ajaribu, akakichukua, akachonga tena. Mara ya nne Mama akasema hapo.

Akakipima mkononi. Akapitisha kidole taratibu kwenye mgongo wa bapa, kutoka mpini hadi ncha, kisha akaupapasa upana wote ule ambao cha kwake kilikuwa kimeupoteza zamani. Uso wake ukachangamka.

"Changu kilikuwa hivi," akasema. "Siku nilipokinunua kilikuwa hivihivi."

"Huyu ni ndugu yake, Mama. Tangu azaliwe hajawahi kufanya kazi."

"Basi ataanza leo."

Dada akasogeza kitunguu mezani. Sidhani kama alikusudia, ndicho kilichokuwa karibu. Mama akaligusa lile pengo, akaweka kisu, akakipasua kitunguu katikati, akaanza kukikatakata vipande vidogovidogo vilivyolingana. Usiguse alisimama juu yake akitokwa na machozi waziwazi, na bahati yake kisingizio kilikuwa palepale mezani.

Kitunguu kilipokwisha, Mama alitoa hukumu. Kisu ni kizito. Mpini ni mgeni. Bonde la kidole gumba halipo, pengo peke yake halitoshi, na bonde halichongwi, linakuja lenyewe. Akageuza uso upande ilikokuwa sauti ya mkwewe.

"Kitachukua muda gani kunizoea?"

Usiguse akafuta macho. "Kile cha kwanza kilichukua muda gani, Mama?"

"Miaka kumi hivi. Kumi na miwili."

"Basi na hiki ni hivyohivyo. Kwa kisu kipya hakuna njia ya mkato."

Mama akapangusa bapa kwa kitambaa, upande huu, kisha upande ule. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Akamwita dada, kwa sauti yake ya kazi.

"Ule mfuko pale mlangoni utamwangusha mtu," akasema. "Zitoe zile nguo, unipangie kabatini."